Ibara ya Nne

Niliachiwa nafasi ya mistari miwili.
"Uaskofu maana yake ni," kisha nukta mbili,
kisha weupe wa karatasi.
Mimi Aikaruwa, mpiga chapa wa kamati ya katiba,
vidole juu ya taipureta, kaboni tatu chini,
nikangoja wanaume wakubaliane.

Ofisi ya usharika, Moshi mjini, masika.
Mlima umejivuta shuka hadi kichwani.

Mwalimu Ndelilio alisema ni kiti.
Hata kikiwa kitupu uaskofu upo, unangoja mtu.
Kiwelu wa mahesabu akasema ni miaka:
si mnawasikia watu? "Katika uaskofu wa fulani
tuliezeka zahanati, katika uaskofu wa fulani
bei ya kahawa ikaanguka,"
kana kwamba kahawa nayo huwekewa mikono.
Mchungaji Eliringia, kijana, amerudi juzi masomoni,
akagonga meza: ni namna ya kutawala,
kanisa kuwa chini ya maaskofu,
si chini ya mkutano, si chini ya baraza la wazee.

"Na yule wa karibu na stendi," akauliza Kiwelu,
"mwenye turubai na kipaza sauti,
aliyejiandika Askofu ubaoni kwa rangi ya mafuta,
naye ana uaskofu, au ana rangi tu?"
Tukacheka. Kicheko sikukiandika.

Ndelilio akalimenya neno
kama mtu mwenye ndizi mbichi na kisu butu.
Wayunani, alisema, waliunganisha "juu" na "tazama".
Waarabu wakalipokea limechoka na safari,
wakalikata kichwa lisiwalemee mdomoni,
nasi tukalichukua hivyo hivyo, kiwiliwili,
tukalipandisha bara.
Askofu: atazamaye kutoka juu.

Juu wapi? Niliuliza moyoni. Karani haulizi.

Kwetu Mbokomu baba alikuwa mtazama mfereji.
Alfajiri alipanda na jembe, juu kweli, hadi kwenye banio,
aone nani kaziba usiku kwa magome ya mgomba,
nani kaiba zamu ya mjane.
Lakini hakukaa huko.
Alishuka na maji, akiyachunga kama mbuzi wakaidi,
hadi shamba la mwisho, la Manka asiyeona,
na hapo tu ndipo aliponawa uso.
Mwaka mmoja alikosea zamu.
Wakamtoza debe la mbege. Akalipa.
Magoti yake sikuwahi kuyaona makavu.

Lugha nayo ina hila zake.
Ukuta una kuta, ufunguo una funguo,
uaskofu hauna wingi.
Umepangishwa chumba kimoja na utu, na ujane, na uchungu,
vitu visivyohesabika hata wakiwa wengi wanaovibeba.
Na kuangalia je?
Nesi humwangalia mgonjwa. Askari humwangalia mfungwa.
"Angalia!" anafoka mama, mtoto akikaribia jiko.
Neno ni lile lile,
mkono si ule ule.

Saa nane chai ikaja, mabishano yakapoa kabla yake.
Katibu akanigeukia: andika chochote cha muda.
Nikaandika:
kazi ya mtu mwenye magoti ya tope.

Alisoma juu ya bega langu.
Hakukasirika. Alinyamaza hata nikasikia mvua.
"Futa, mama," akasema. "Mwanasheria hataielewa."
Nikarudi nyuma, nikagonga x juu ya kila herufi
mpaka sentensi ikawa ua wa miiba.

Muhtasari unasema: Ibara ya nne imeahirishwa.
Maziwa yalitolewa na familia ya ndugu Kiwelu.

Ila nakala ya tatu, ya kaboni iliyochakaa,
zile x hazikushika vizuri.
Iko kabatini, faili la kijani.
Mlima ukifunguka, ukiinyanyua dirishani,
tope linasomeka.